Rangi ya Mwanga na Joto la Kiganjani: Kisa cha Tochi ya Dalali wa Vito

## Usuli

Kisa hiki kinamhusu dalali wa madini ya vito katika mji mmoja wa kaskazini mwa Tanzania, mtu wa makamo ambaye kwa miaka mingi amekuwa akinunua mawe ghafi kutoka kwa wachimbaji wadogo na kuyafikisha kwa wanunuzi wakubwa. Jina lake, jina la mji, tarehe na bei za mizigo vimeondolewa. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme, na kwa mapenzi yangu binafsi ni mkusanyaji wa tochi ndogo za hali ya juu, zile zinazoenea kiganjani, zenye LED tatu au nne kichwani, betri moja ya lithiamu ya aina iitwayo 18650, na programu inayomruhusu mwenye tochi kupanga ngazi za mwanga na kikomo cha joto. Nayataja mapenzi hayo mapema kwa sababu ndiyo yaliyozaa kosa la kwanza.

Dalali hutumia tochi kwa kazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Kazi ya kwanza ni kutafuta nyufa na uchafu ndani ya jiwe, na kwa hiyo mwanga wowote mkali unatosha. Kazi ya pili ni kupima rangi, nayo ndiyo inayopanga bei. Tanzanaiti inaonyesha ugumu wa kazi hiyo kuliko jiwe lingine lolote la kwetu, kwa kuwa kipande kilekile huonekana cha bluu katika mwanga wa mchana na huegemea zambarau chini ya balbu ya zamani ya waya. Tena rangi yake hutegemea upande unaotazamwa. Mkataji akipanga jiwe ili uso wake uonyeshe bluu, kwa kawaida hupoteza uzito mwingi zaidi kuliko akiliacha lielekee zambarau, na kwa sababu hiyo bluu safi ni adimu na hulipiwa zaidi. Dalali wetu hununua pia spineli za waridi na nyekundu kutoka Mahenge, ambazo zina matatizo yao ya rangi.

Ununuzi wenyewe haufanyiki mchana kweupe. Mchimbaji hufika jioni akiwa amechoka na anahitaji fedha, mzigo humwagwa kwenye karatasi nyeupe katika chumba chenye taa moja ya kubana matumizi, na mazungumzo huchukua dakika ishirini hadi arobaini huku tochi ikiwa imewashwa karibu muda wote.

## Malalamiko mawili

Dalali alikuwa na tochi aliyotumiwa na kijana wake aliyeko ng'ambo. Ilikuwa na LED nne za mwanga baridi wa kelvini zipatazo 6500 (kelvini hutaja rangi ya mwanga: zikiwa nyingi mwanga huegemea bluu, zikiwa chache huegemea manjano) na kielezo cha uaminifu wa rangi, yaani CRI, cha karibu 70, na kwenye boksi lake iliandikwa kwamba inatoa lumeni, yaani vipimo vya wingi wa mwanga, zaidi ya 2,000. Aliniletea akiwa na malalamiko mawili, na kwake yeye yalikuwa mambo mawili yasiyohusiana.

La kwanza lilikuwa joto. Baada ya muda mfupi mkononi, kichwa cha tochi kilimuunguza kiasi cha kumlazimu kukifunga leso. Alilieleza kwa mzaha wa watu wa kazi yake, ambao hujua kwamba sehemu kubwa ya tanzanaiti hutoka ardhini ikiwa ya hudhurungi na hupata bluu yake baada ya kupikwa kwenye tanuru kwa nyuzi zipatazo 500: “Fundi, la kuchomwa ni jiwe, si mkono wangu.”

La pili lilikuwa hasara. Alikuwa amenunua mzigo wa tanzanaiti jioni kwa bei ya bluu, na asubuhi yake, alipoyatoa mawe nje, sehemu kubwa ikawa ya zambarau. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa amekataa mzigo wa spineli aliouona umefifia na kuwa na ukahawia, na mwenzake aliyeununua akaupeleka sokoni ukiwa wa waridi unaong'aa. Yeye aliamini kwamba macho yake yameanza kuzeeka, na alikuwa amekwisha kwenda kupima miwani.

## Vipimo kabla ya kugusa chochote

Niliiwasha tochi kwa ngazi ya juu kabisa na kujaribu kupima mkondo wa umeme. Mita yangu ina kikomo cha ampea 10, nayo ikaandika kwamba kikomo kimevukwa, kwa hiyo nguvu inayotoka kwenye betri ilizidi wati 35. Sehemu ndogo ya nguvu hiyo hutoka kama mwanga, na iliyobaki, ambayo katika ngazi kali kama hii huwa zaidi ya theluthi mbili, hugeuka joto palepale kwenye chipu na kwenye saketi inayoiendesha. Ikumbukwe kwamba LED haifanani na balbu ya waya, ambayo hurusha sehemu kubwa ya joto lake mbele pamoja na mwanga. LED hurusha mwanga mbele na kuliacha joto nyuma, na joto hilo halina njia nyingine isipokuwa kupita kwenye bamba lililoshikilia chipu, likaingia kwenye mwili wa tochi, kisha hewani au kwenye mkono wa mshikaji.

Hesabu yake ni rahisi. Tochi hii pamoja na betri ina uzito wa karibu gramu 120, na kuipandisha joto kwa nyuzi moja kunahitaji takriban juli 110. Ikizalisha joto la wati 27, hupanda nyuzi moja kila baada ya sekunde nne, na katika chumba cha nyuzi 27 hufika 50 kabla ya dakika mbili kwisha, huku kichwa kikitangulia kuliko mkia. Kipimajoto cha miale kilithibitisha hivyo, baada ya kubandika kipande cha utepe mweusi wa umeme kwenye sehemu ya chuma isiyopakwa rangi, maana chuma kinachong'aa hukidanganya kipimajoto cha aina hiyo na kukifanya kionyeshe nyuzi za chini kuliko zilivyo.

Upande wa pili wa hesabu ndio uliobeba kisa chote. Mwili wa tochi una kipenyo cha milimita 24 na urefu wa milimita 95, na eneo la nje la karibu sentimita za mraba 80. Katika hewa tulivu, eneo hilo hutoa takriban wati 0.08 kwa kila nyuzi moja ambayo mwili umeizidi hewa. Tukikubali mwili ufike nyuzi 47 katika chumba cha nyuzi 27, tochi inaweza kutoa wati 1.6 tu za joto bila kuendelea kupanda, na pengine mara mbili ya hapo ikiwa imeshikwa na mkono ambao damu yake huchukua sehemu ya joto. Kwa maneno mengine, lumeni 2,000 za kwenye boksi ni za dakika ya kwanza, na baada ya hapo programu ya ulinzi hushusha mwanga. Niliifunika simu na tochi ndani ya boksi la viatu, nikapima kwa programu ya kupimia mwanga, na baada ya dakika kumi mwanga uliobaki ulikuwa karibu sehemu moja ya nane ya ule wa mwanzo.

Hapo nilielewa jambo ambalo dalali hakulitaja. Jiwe la kwanza la mzigo lilikuwa likitazamwa kwa mwanga mkali mara nane kuliko jiwe la thelathini. Jicho huona rangi kuwa imekolea zaidi kadiri mwanga unavyokuwa mkali, kwa hiyo mchimbaji aliyetanguliza mawe yake mazuri alipandishiwa bei, na aliyeyaweka mwisho alipunjwa, bila yeyote kati yao kukusudia.

## Marekebisho ya kwanza

Nilianza na rangi, kwa sababu ndiyo niliyoipenda zaidi. LED nyeupe ni chipu ya bluu iliyofunikwa kwa unga unaogeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa kijani, manjano na nyekundu. Katika LED ya CRI 70 nyekundu ni haba mno, na kielezo cha CRI chenyewe huificha kasoro hiyo, kwa kuwa ni wastani wa rangi nane zilizopauka ambazo nyekundu iliyokolea haimo kati yake. Nyekundu hiyo hupimwa kando na kuitwa R9, na LED ya CRI 70 kwa kawaida huwa na R9 iliyo chini ya sifuri. Spineli iliyokataliwa haikuwa na ukahawia wowote. Kilichokosekana ni nyekundu katika mwanga uliolimulika, na jiwe haliwezi kurudisha rangi ambayo halikupewa.

Nilichagua LED za kampuni ya Nichia, aina ya 519A, za kelvini 4500, zenye CRI inayozidi 90 na nyekundu ya kutosha, kisha nikazinyoa kuba. Wasiofahamu wajue kwamba kuba ni tone la silikoni linaloifunika chipu. Likiondolewa, sehemu ya mwanga ambayo ingetoka moja kwa moja hurudi ndani ya unga na kugeuzwa tena, hivyo mwanga hupungua kidogo, hushuka kwa takriban kelvini elfu moja, na huacha kuegemea kijani ukaegemea waridi. Kuegemea huku ndiko wapenzi wa tochi hubishania usiku kucha. Mianga miwili inaweza kuwa na kelvini zilezile, mmoja ukawa na ukijani kama wa taa za ofisini na mwingine ukawa na uwaridi unaopendeza ngozi ya mtu na mbao za samani. Mimi ni wa kundi la waridi.

LED nilizibadilisha kwa pasi ya nguo iliyogeuzwa juu chini, ambayo hufika joto la kuyeyusha risasi ya kulehemu, ile inayoyeyuka kwa nyuzi 183, bila kuhitaji mashine, na LED moja niliiharibu kwa kuisukuma kabla risasi haijashika. Saketi niliiacha ileile. Dalali alipomulika spineli zake alicheka kwa furaha, na mimi nikahesabu kazi imekwisha.

## Siku kumi baadaye

Alirudi akiwa hana furaha. Alikuwa amepuuza mzigo wa tanzanaiti aliouona wa zambarau tupu, na mzigo huo ukaenda kwa mwingine ukiwa wa bluu. “Fundi, ile ya kwanza ilinidanganya upande huu, na hii inanidanganya upande ule.”

Tulikaa barazani saa nne asubuhi, kivulini, na mawe matatu ya tanzanaiti ambayo rangi zake zilikuwa zimekwisha kukubaliwa na mnunuzi: moja la bluu, moja la katikati, moja la zambarau. Tuliyatazama kwanza kwa mwanga wa anga, kisha ndani ya chumba chenye giza kwa tochi nne tofauti kutoka sandukuni mwangu. Kwa ile ya kelvini 6500, mawe yote matatu yalisogea kuelekea bluu, hata lile la zambarau likapita kama la katikati. Kwa LED zilizonyolewa, jiwe la katikati na la zambarau hayakuweza kutofautishwa.

Sababu yake ni ya kifizikia na haihitaji ujuzi wa pekee. Tanzanaiti humeza hasa sehemu ya manjano ya mwanga, karibu na nanomita 595, na kuachia bluu upande mmoja na nyekundu upande wa pili. Rangi tunayoiona ni matokeo ya mashindano ya pande hizo mbili, na mwanga wetu ndio unaoamua kila upande umepewa kiasi gani. Mwanga wa kelvini 3500 wenye uwaridi, kama wa LED hizo zilizonyolewa, umejaa nyekundu na umepungukiwa bluu, kwa hiyo jiwe lolote lililo karibu na mpaka huangukia zambarau. Kipimo changu cha ubora, yaani kumulika ukuta mweupe na kiganja changu na kusema “mwanga mzuri huu,” hakikuwa na uhusiano wowote na kazi ya mtu huyu.

(Vitabu vya biashara hii hushauri kutazama vito kwenye dirisha la kaskazini. Ushauri huo ulizaliwa Ulaya, ambako jua halipiti upande wa kaskazini. Huku kwetu, nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta, jua huwa kaskazini kwa zaidi ya nusu ya mwaka, na dalali anayefuata ushauri huo mwezi wa Juni hutazama mawe kwenye jua kali. Kinachotakiwa ni kivuli chenye anga wazi, upande wowote.)

## Uamuzi wa pili na sababu zake

Safari hii tulianza na swali la joto, kisha tukachagua rangi inayoenea ndani ya jibu lake. Kwa kuwa mwili unaweza kutoa wati mbili hivi za joto kwa muda mrefu bila kumuunguza mtu, tuliamua kwamba tochi itakuwa na ngazi moja tu ya kupimia rangi, na ngazi hiyo lazima idumu saa nzima bila kushuka. Kila uamuzi uliofuata ulikuwa wa namna ya kupata mwanga mwingi iwezekanavyo ndani ya bajeti hiyo ndogo.

Saketi ndiyo iliyokuwa mharibifu mkubwa. Saketi ya zamani ilikuwa na njia mbili za kupunguza mwanga, na zote zilikuwa na walakini. Njia moja huiwasha na kuizima LED maelfu ya mara kwa sekunde kwa mkondo wote wa betri. Njia hiyo ina sifa moja ya haki, kwamba rangi haibadiliki kati ya ngazi ya chini na ya juu kwa kuwa mkondo katika kila mwako ni uleule, lakini LED inayosukumwa kwa mkondo mkubwa hutoa mwanga mchache zaidi kwa kila wati, na hasara hiyo hubaki hata mwanga ukipunguzwa. Zaidi ya hayo, picha na video ambazo dalali huwatumia wanunuzi kwa WhatsApp zilikuwa na mistari myeusi iliyotokana na kuwaka na kuzimika huko. Njia ya pili huupitisha mkondo laini, ila huichoma tofauti yote ya volti ikawa joto. LED nne zikigawana ampea 0.75 huhitaji volti 2.7 tu, nayo betri iliyojaa hutoa 4.1, kwa hiyo theluthi moja ya nishati hupotea ndani ya saketi kabla ya kufika kwenye LED. Kwa wati mbili za LED, hiyo ni wati moja ya joto isiyo na faida yoyote, nusu nzima ya bajeti yetu.

Tuliweka saketi ya kushusha volti kwa koili, ambayo ufanisi wake ni karibu asilimia 90. Hasara ya wati moja ikashuka hadi wati 0.2. Kati ya mabadiliko yote niliyofanya kwenye tochi hii, hakuna lililoleta tofauti kubwa kama hilo, ingawa kwa macho halionekani na hakuna anayelisifia tochi inapopitishwa mkono kwa mkono.

LED nne tulizibakiza badala ya moja, ijapokuwa moja ingekuwa rahisi. Chipu nne zinazogawana mkondo mdogo hufanya kazi katika sehemu yenye ufanisi mkubwa, kila moja ikipata chini ya miliampea 200. Bamba la chini lilikuwa la alumini lenye tabaka la kuzuia umeme katikati, nasi tukaweka la shaba ambalo kitako cha LED hugusa shaba yenyewe. Kwa wati mbili faida yake ni ndogo, lakini bei yake nayo ni ndogo.

Dalali alitaka mwili wa shaba, kwa kuwa alikuwa ameuona na ukampendeza. Nilimkatalia. Ni kweli kwamba shaba hupitisha joto zaidi ya mara mbili ya aloi ya alumini inayotumika kwenye tochi, lakini kikwazo chetu hakikuwa joto kusafiri ndani ya chuma. Kikwazo kilikuwa joto kutoka kwenye chuma kwenda hewani, na hapo eneo la nje na hali ya uso ndivyo vinavyoamua. Shaba iliyosuguliwa hurusha joto kidogo mno kwa mnururisho kuliko alumini iliyotiwa rangi kwa njia ya umeme. Uzito wake, zaidi ya mara tatu ya alumini, ungechelewesha kupanda kwa joto kwa dakika chache na kumchosha mkono kwa dakika zote. Aloi ya titani inayotumika kwenye tochi, ambayo nayo ina mashabiki wake, hupitisha joto vibaya kuliko chuma cha pua.

Kwa upande wa rangi tulichagua 519A za kelvini 5000, safari hii kuba zikabaki. Kelvini 5000 zipo ndani ya kiwango ambacho biashara ya vito hukiita mwanga wa mchana, na mwegemeo wake ni mdogo sana kiasi kwamba karatasi nyeupe ilibaki nyeupe. Tulijaribu pia LED ya 6500 yenye CRI ya juu, ambayo ingekuwa karibu zaidi na anga la kivulini, lakini jiwe la katikati lilivutwa mno kwenye bluu, na dalali akasema hasara ya kulipa zaidi anaijua uchungu wake.

Lilikuwapo pia pendekezo la tochi yenye njia mbili za mwanga, moto na baridi, ambayo mtu hugeuza mchanganyiko apendavyo. Kama mkusanyaji ninayo na ninaipenda. Kwa dalali niliiona kuwa mtego: mtu aliyetamani jiwe atageuza mwanga hadi jiwe liwe kama alivyolitamani.

## Matokeo

Tochi iliyokamilika huchukua wati 2.3 kutoka kwenye betri na, kwa makadirio yangu ya boksi la viatu, hutoa lumeni zipatazo 220. Mwili wake hutulia kwenye nyuzi 42 au 43 baada ya nusu saa katika chumba cha nyuzi 27, na betri ya miliampea-saa 3,000 huiendesha kwa zaidi ya saa nne. Kikomo cha joto katika programu kimewekwa kwenye nyuzi 48, mahali ambapo ngazi hiyo haifiki, ili mwanga usishuke kamwe katikati ya mzigo. Kitufe kikibonyezwa mara mbili hutoka mwanga mkali wa kutafutia nyufa, unaojizima wenyewe baada ya sekunde ishirini.

Siku ya kwanza dalali alisikitika. Alizoea kushangaza watu kwa tochi yake, na sasa alikuwa na kitaa cha kawaida. Baada ya mwezi mmoja aliniambia kwamba mawe ya jioni na ya asubuhi yameanza kupatana, isipokuwa machache. LED zilizonyolewa hazikutupwa pia: zimo katika tochi nyingine ndogo zaidi, ambayo huitoa mwishoni, bei ikiwa imekwisha kutajwa, ili aone jiwe litakavyokuwa kwenye pete ya mtu aliyeketi chini ya taa za njano za hoteli. Kwa spineli hutumia zote mbili, na husema ile ya waridi ni “ya kumwonyesha mnunuzi,” jambo ambalo tumebishana juu yake bila kukubaliana.

## Uchambuzi

Kosa langu kubwa lilikuwa mpangilio. Nilichagua rangi kwanza kwa macho ya mkusanyaji, nikaacha joto liwe tatizo la baadaye, wakati vitu hivyo viwili ni kitu kimoja. LED yenye nyekundu nyingi hutoa lumeni chache kwa kila wati, kwa sababu jicho halihisi nyekundu ya mbali vizuri, na kwa sababu kila chembe ya bluu inayogeuzwa kuwa nyekundu hupoteza sehemu ya nishati yake kama joto. Nilipoweka LED za CRI ya juu kwenye saketi ileile, tochi ilizidi kuwa ya moto kwa mwanga uleule, na ilishuka mapema zaidi. Dalali hakulalamika juu ya hilo kwa kuwa rangi ilimteka, na mimi sikupima kwa kuwa rangi iliniteka pia.

Kuwa na ngazi moja kulitatua mambo matatu kwa mkupuo mmoja. Kulimaliza kushuka kwa mwanga, kulifanya mawe yote ya mzigo yatazamwe kwa ukali uleule, na kulifuta hoja pekee iliyokuwa ikiutetea mtindo wa kuwasha na kuzima, maana rangi ya LED husogea mkondo unapobadilika, lakini hapa mkondo haubadiliki. Laiti ningeanza na swali “utaitumia kwa dakika ngapi mfululizo?” ningefika hapo siku ya kwanza.

Mawe matatu ya kulinganishia yalikuwa na thamani kuliko vifaa vyangu vyote. Sina spektromita, na wengi wetu hatuna. Lakini jiwe lililo kwenye mpaka kati ya bluu na zambarau ni kipimo kikali cha mwanga kuliko takwimu ya CRI, ambayo kama nyekundu ilivyofichwa ndani yake, ndivyo pia ilivyofichwa bluu iliyokolea. LED za aina hii zina kilele kikali karibu na nanomita 450 na bonde mara baada ya hapo, karibu na 480, ambalo mwanga wa anga hauna. Hapo ndipo ninapoyaweka yale mawe machache yasiyopatana asubuhi na jioni, na tochi hii haina dawa yake. Dalali ameacha kulipa fedha zote jioni kwa mzigo mkubwa wa bluu. Hutoa sehemu, na kilichobaki hulipwa saa nne asubuhi barazani. Baadhi ya wachimbaji hawaupendi utaratibu huo, na wawili wamehamia kwa wanunuzi wengine.

Hali ya hewa nayo ilileta swali ambalo sikulitarajia. Mwezi wa Julai, chumba kikiwa na nyuzi 16 jioni, tochi haikupanda hata kufika 35, na dalali akaomba niongeze mwanga, kwa kuwa bajeti ya joto sasa ilikuwa imeongezeka kwa takriban nusu. Hesabu ilikuwa upande wake. Nilimjibu kwamba mawe aliyoyanunua tangu Januari aliyatazama kwa ngazi hii, na tukiigusa, kumbukumbu ya macho yake itabidi ianze upya. Alifikiri kidogo, akaiwasha, akaiweka shavuni kama mtu anayepima maziwa ya mtoto, kisha akaniambia niiache kama ilivyo, ila nimtafutie mfuko wa ngozi.